Mbuzi wa Kiingereza

Nilipostaafu ualimu niliondoka Buhembe, mjini Bukoba, nikarudi kijijini Kishanda, Muleba, kwenye kibanja alichoniachia marehemu mume wangu. Wenzangu wa mjini hawakunielewa. Buhembe nilikuwa nimepanga chumba na sebule, maji ya bomba yapo, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, mimi ndiye niliyemjibu. Lakini mume wangu amezikwa Kishanda, na nilijiambia kuwa mwanamke hawezi kuzeeka kwenye nyumba ya kupanga huku migomba yake inaliwa na magugu.

Nilichokuwa sijakihesabu ni jioni. Kibanja chetu kiko ndani, mbali kidogo na barabara, na migomba imeizunguka nyumba pande zote. Mchana kuna kazi, kuna mtu anapita na shoka au na ndoo, mnasalimiana. Saa kumi na moja kila mtu anakwenda kwake kumenya ndizi, na mimi namenya zangu, chache, za mtu mmoja. Nimefundisha Kiingereza sekondari maisha yangu yote ya kazi. Nimezoea vyumba vyenye watoto arobaini wanaokoroma, wanaocheka, wanaosukumana. Ghafla nikawa na siku nyingi ambazo neno la Kiingereza halikunitoka mdomoni hata moja, na Kihaya nilichokisema kilikuwa cha salamu na bei ya kahawa tu.

Jirani yangu, mjane kama mimi ila mwenye wajukuu tele uani, ndiye aliyenishauri. Alinikuta siku moja nimekaa barazani na redio mapajani.

"Waitu mwalimu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "fuga basi hata mbuzi. Utapata wa kukuamsha asubuhi."

Akaniuzia mtamba wake mmoja, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso kama aliyepakwa majivu. Na kweli aliniamsha. Kabla hata jogoo wa jirani hajamaliza, yeye alikuwa anadai maganda ya ndizi. Asubuhi nilimpeleka rweya, kwenye nyasi za wazi juu ya kijiji, nikamfunga kamba; jioni nikamfuata. Njiani nilikuwa namsemesha. Mwanzoni niliona aibu, nikaangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Baadaye sikuangalia tena.

Mwanangu wa pekee anaishi ng'ambo, nchi ya baridi, ameoa huko na ana binti mmoja. Mtoto huyo hajui Kiswahili wala Kihaya. Kila Jumapili, nikishatoka misa, walinipigia simu ya picha. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu, ya Kiingereza, yalikuwa mafupi. Hujambo, sijambo, shule nzuri, huko kuna mvua, na huku kuna mvua. Kisha baba yake anachukua simu na kuniuliza dawa za presha. Siku moja simu ikiwa hewani mbuzi akalia nje ya dirisha, mtoto akaruka kwenye kiti.

"Bibi! Nani huyo?"

Nikatoka naye, yaani nikatoka na simu, nikamwonyesha. Mbuzi akaisogelea, akainusa kamera, na kule ng'ambo nikasikia mtoto anapiga kelele za furaha ambazo sijawahi kuzisikia kutoka kwake.

"Anaitwa nani?"

Sisi hatuwapi mbuzi majina. Nikamwambia kwa Kihaya ni *embuzi*, kwa Kiswahili ni mbuzi. Lakini yeye alilishika la kwanza tu, na akalichukua kama jina lake.

"Embuzi!" akaita. "Hujambo, Embuzi!"

Sikumsahihisha. Lilikuwa neno la kwanza la kwetu kutoka kinywani mwake, na alilitamka vizuri.

Tangu siku hiyo Jumapili zikarefuka. Embuzi amekula nini, Embuzi amelala wapi, Embuzi anaogopa radi? Halafu mwalimu wao akawapa kazi: kila mtoto achague mnyama mmoja, akawaulize wazee wake watu husema nini wakimtaja mnyama huyo. Wenzake wakachagua simba, farasi, mbwa. Yeye akamchagua mbuzi, na mzee wake nikawa mimi. Nilikaa kitako kama aliyerudishwa kazini.

Nikamweleza kwamba mtu aliyenunua kitu bila kukitazama, akafika nyumbani na kukuta ni kibovu, sisi husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akataka kujua kwa nini mbuzi amekubali kuingia kwenye gunia. Nikamweleza mbuzi wa kafara, yule anayebeba makosa ya wengine, akasema darasani kwao yuko mtoto wa namna hiyo. Nikamweleza kwamba dume la mbuzi ni beberu, na kwamba wazazi wetu waliwaita mabeberu wazungu waliokuja kututawala. Hapo akauliza kama mama yake ni beberu. Mama yake ni wa huko. Nikasema hapana, mama yako ni mkwe wangu.

Alichokipenda kuliko vyote ni kisa cha Pwani. Nilipokuwa chuo cha ualimu, rafiki yangu mmoja wa Pwani alinialika kwao likizo. Mama yake alikuwa jikoni, akaniambia, "Mwanangu, nenda chumbani kanitolee mbuzi uvunguni, nikune nazi." Mimi ni Mhaya, kwetu nazi huja kwa gari. Sikujua kwamba kule mbuzi ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Nikapiga magoti mbele ya kitanda, nikachungulia gizani nikitafuta macho mawili, nikaanza kumwita taratibu kama tunavyowaita kwetu. Mama wa watu alinikuta hivyo, mkono wangu umeingia uvunguni, nabembeleza kigoda.

Mjukuu wangu alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, picha ikawa ya dari tu.

Naye akanipa semi za kwao, nyingine nikizijua, nyingine nikimwongezea. Kwamba mtu akikuudhi, Mwingereza husema amekuchukulia mbuzi wako. Kwamba neno la Kiingereza la mwana-mbuzi, *kid*, ndilo hilo hilo wanalomwitia mtoto wa mtu. "Kwa hiyo mimi ni mwana-mbuzi," akasema. Nikamwambia ndiyo, wewe ni mwana-mbuzi wangu.

Jumapili iliyofuata alinipigia mwenyewe, hakumngoja baba yake. Alikuwa amesoma kazi yake mbele ya darasa, wakampigia makofi, kisa cha uvunguni mwalimu akaomba akirudie. Alikuwa anahema.

"Bibi," akasema kwa Kiingereza chake cha haraka, "wewe ni *goat*! Nimewaambia wote. Bibi yangu ni *goat*!"

Nikahisi uso unawaka. Kwetu, mbuzi ni neno la kumtupia mtu asiyeelewa. Nilitupiwa na mwalimu wa hesabu nikiwa msichana, nimesimama mbele ya ubao. Darasa zima likacheka, na kwa muhula mzima nilisikia mlio wa mbuzi nikipita. Nikafikiri: ndicho alichokipata kwenye kisa changu. Amewaambia Wazungu wenzake kwamba bibi yake wa Afrika ni mjinga aliyetafuta mbuzi chini ya kitanda.

"Haya, mama," nikamjibu. "Mtandao unasumbua." Nikakata.

Jumapili ya pili yake niliiacha simu chumbani, nikaenda kwa jirani, nikakaa jikoni mwake nikiwatazama wajukuu zake wakigombea ukoko. Niliporudi nilikuta wamepiga mara kadhaa. Sikupiga. Usiku ule nyumba ilikuwa ndefu. Kesho yake mwanangu akapiga akiwa kazini kwake.

"Mama, kulikoni? Mtoto analia anasema amekukosea, hajui nini."

"Muulize ameniita nani."

"Amekuita nani?"

"Mbuzi. Mbele ya darasa zima."

Kisha nikasikia anacheka, anajaribu kujizuia, anashindwa, akaiweka simu mezani. Aliporudi sauti ilikuwa imelegea.

"Mama, siku hizi vijana wakisema hivyo wanamsifu mtu. Ni herufi nne, kila herufi ni mwanzo wa neno. Maana yake ni aliye bora kuliko wote, wa nyakati zote. Wanawaita hivyo wacheza mpira, waimbaji. Mwanangu amewaambia wenzake kwamba hakuna bibi kama wewe."

Nilicheka naye. Nikampigia mtoto jioni ile ile, nikamwambia nimefurahi kuwa mbuzi, naye akapiga kelele, mambo yakaisha. Lakini nilipoweka simu chini nilifungua sanduku, nikatoa kamusi yangu kubwa, ile iliyofundisha nami mpaka jalada likachomoka. Nikatafuta neno lile. Nikakuta mnyama, nikakuta mzinifu, nikakuta mjinga. Sifa ya mjukuu wangu haikuwemo. Nilikaa na kile kitabu mpaka giza likaingia. Kiingereza nilikitumikia miaka yote, nikawachapa watoto wa watu kwa ajili yake, nikakilinda kama mali yangu. Nacho kilikuwa kimeendelea na safari bila kuniaga. Neno dogo kama lile, la darasa la tatu, lilikuwa na maana ambayo kila mtoto wa ng'ambo anaijua, mimi siijui. Sikuwa na mtu wa kumweleza jambo hilo. Jirani angeniuliza, kwani wewe umepungukiwa nini?

Mwaka huo huo mwanangu akasema watakuja, yeye na mtoto. Mkewe hakupata ruhusa kazini. Nikapaka chokaa, nikanunua chandarua kipya, nikatembea kijijini nikitangaza. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye kibanja chake kinapakana na changu, akaja kunipongeza. Ni mtu wa maneno machache, na tangu mazishi ya kaka yake alikuwa haingii kwangu pasipo sababu. Akasimama uani, akamtazama mbuzi wangu, akamtomasa mgongo.

"Amenona," akasema. "Mgeni umepata na kitoweo unacho."

"Huyu hapana, shemeji."

"Kwa nini? Mtoto wa kaka yangu arudi na mtoto wake, tumlishe mboga za majani?"

"Nitanunua mwingine. Huyu mtoto anamjua."

Akanitazama kama anayesubiri nimalize.

"Mwalimu, mbuzi ni mbuzi," akasema. Kisha akaona nimekaza, akatikisa kichwa. "Basi nitamtoa wangu. Usininyime hilo."

Sikumnyima. Wangu nikampeleka kwa jirani siku ambayo wageni walifika, asije akanusa damu ya mwenzake akasumbuka.

Niliwapokea uwanja wa ndege Bukoba. Mwanangu alikuwa na mvi ambazo simu haikuzionyesha. Mtoto alisimama nyuma yake, ameshika mkanda wa begi la baba yake. Nikafungua mikono, akaja, akakumbatiwa, lakini mwili wake ulikuwa mgumu kama kijiti. Kwenye simu nilikuwa uso tu. Hapa nilikuwa na kimo, nina harufu ya moshi na ya mafuta ya nazi, nina mikono yenye ngozi ya kukwaruza. Njia nzima mpaka Muleba alitazama dirishani. Nilimwonyesha ziwa, akasema ni zuri. Nilimwonyesha miti ya kahawa, akasema ni mizuri. Nilikuwa nimeyangoja maneno yake kwa hamu, na sasa alikuwa kando yangu, goti lake linagusa langu, hatuna la kusema. Upweke wa namna ile nilikuwa siujui. Ule wa barazani niliuzoea.

Tulipofika nyumbani aliuliza jambo moja tu.

"Embuzi yuko wapi?"

"Yuko kwa jirani. Kesho utamwona."

Lakini asubuhi ndugu walijaa uani kabla hajanywa chai, wazee kwa vijana, kila mmoja anataka kumshika mkono mtoto wa Ulaya. Shemeji alichinjia nyuma ya nyumba na vijana wake. Sikupata nafasi ya kumpeleka popote. Nilikuwa jikoni na akina mama, moshi machoni. Mwanangu alikuwa katikati ya wazee, anatafuna kahawa, anajibu maswali juu ya theluji. Wakati wote huo mtoto alizunguka peke yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikwenda bandani, akakuta kamba na maganda makavu, hakuna mbuzi.

Tukaketi kula. Sinia za matoke, nyama, maparachichi. Shemeji alitaka kumheshimu mtoto wa mtoto wa kaka yake, na Kiingereza hana. Akachagua kipande cha ini, kile ambacho kwa kawaida kingekuwa chake, akakiweka kwenye sahani ya mtoto kwa mkono wake. Akainama, akatabasamu, jambo ambalo yeye halifanyi hovyo, akamwambia polepole ili aelewe:

"*Embuzi.*"

Mtoto alimtazama. Shemeji akadhani hajasikia. Akagonga sahani kwa kidole.

"*Embuzi! Embuzi!*"

Sahani ikaanguka. Nilichokiona kutoka mlango wa jikoni ni gauni la njano likipotelea migombani, na shemeji ameganda na tabasamu lake, mkono bado hewani.

Mwanangu alinyanyuka, nikamwambia kaa na wazee wako, huyu ni wangu. Nikamkuta ameukumbatia mgomba, analia bila sauti, mabega yanaruka. Nilipomgusa akanisukuma.

"Mmemla! Ulisema yuko kwa jirani! Banda ni tupu!"

"Njoo," nikamwambia.

"Sitaki."

"Njoo uone, halafu unikasirikie."

Nikamshika mkono, tukapita njia ya katikati ya migomba, mimi na kanga ya jikoni, yeye anajifuta kamasi kwa mkono wa gauni. Kwa jirani hakukuwa na mtu, wote walikuwa kwangu. Nyuma ya jiko lake mbuzi mweusi mwenye doa la majivu alikuwa amelala, anacheua. Alipotuona akasimama, akalia ule mlio wake wa kudai.

Mtoto hakumkimbilia. Alisimama mbali, akamkagua vizuri, kama anayeogopa kudanganywa.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Sasa yule babu kwa nini amesema Embuzi?"

Hapo nikajua sina budi. Nikakaa kwenye gogo la kupasulia kuni, nikamwambia lile neno si jina. Nikamwambia ni neno la wote. Wa kwetu, wa jirani, wa rweya, wa sokoni Muleba, kila mmoja wao ni embuzi. Nilimwacha aamini ni jina kwa sababu nilipenda alivyoliita.

Akafikiri. Watoto wakifikiri uso hauwi wa mtoto.

"Kwa hiyo aliyekuwa kwenye sahani naye alikuwa embuzi."

"Ndiyo."

"Alikuwa mweusi?"

"Alikuwa wa kahawia. Wa yule babu."

"Yule babu alikuwa anampenda?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikasema alimlisha vizuri, na alimtoa kwa ajili yake, na kwetu hiyo ni heshima kubwa. Akasema hakumwomba. Nikasema najua. Akanyoosha mkono, mbuzi akaunusa, akaulamba chumvi ya machozi, naye akastahimili, ingawa nilimwona anaogopa ule ulimi wa kukwaruza. Alikuwa amemzoea mbuzi asiye na harufu.

Siku zilizobaki hakula nyama. Alikula ndizi na parachichi, akatembea nami rweya asubuhi kumfunga mbuzi, wakati mwingine akiongea, wakati mwingine akinyamaza. Hakumwita tena Embuzi. Alisema tu "mbuzi", kwa Kiswahili, na mara kwa mara kwa Kiingereza. Nilikuwa nimemfundisha maana sahihi, kama mwalimu anavyotakiwa, na nikajuta kidogo.

Niliwasindikiza mpaka Bukoba. Safari hii alinikumbatia mwenyewe, akanibana. Ndege ilipopotea upande wa ziwani nilipanda basi la Muleba, na kutoka Muleba nikachukua bodaboda, nikafika nyumbani jua bado lipo. Mashuka yao yalikuwa kitandani. Sikuyafua siku hiyo.

Jioni shemeji akaja. Alibisha hodi akiwa tayari amevua kofia, akaketi barazani bila kuambiwa. Nilimpa chai. Akaizungusha kikombeni.

"Mtoto alilia nini siku ile?" akauliza. "Mwanao hakunieleza. Alisema tu ni mambo ya watoto."

Nikamweleza yote, la jina, la banda tupu, la ini. Alinisikiliza akiangalia migomba.

"Basi nilimchinjia rafiki yake."

"Hukumchinja, shemeji. Yu hai, umempita hapo mlangoni."

"Kwa muda ule alikuwa amekufa. Na mimi nilikuwa nacheka." Akanywa chai yote kwa mkupuo. "Kaka yangu angelijua la kufanya. Yeye alikuwa anajua kuongea na watoto."

Hatukuwahi kumzungumzia marehemu, sisi wawili, tangu tumzike. Aliaga kabla giza halijaingia.

Sasa mjukuu wangu amekua, shule yake ni nyingine, na Jumapili zake zina mambo mengi. Huniletea ujumbe mfupi, mara nyingi ni salamu na picha. Simlaumu. Kwa umri wake mimi nami sikuwa na muda na bibi yangu, aliyekuwa akiishi mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Mbuzi amezaa mapacha mvua zilipoanza, dume na jike. Nimempelekea shemeji lile dume. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza ninaliitaje, nikasema sijui, chagua mwenyewe. Sijasikia amechagua nini. Siku nyingine hupita jioni, anakaa barazani, kila mtu na chai yake, tunatazama njia mpaka haionekani, halafu anasimama, anakung'uta suruali, anakwenda kwake.